Vitamini na chanjo ya kuku: anza wiki mbili kabla, sio siku ya chanjo

Juzi asubuhi jirani yangu hapa Moshono kaja getini kashika kifaranga mkononi, shingo imevutwa nyuma kinaangalia juu tu kwenye paa, akaniambia baba Eli mi nilichanja kideri, tena na vitamini niliwapa siku ile ile, sasa hii nini tena? Nikamuuliza mama, vitamini uliwapaje, akasema nilichanganya humo humo kwenye maji ya chanjo ili wanywe vyote kwa pamoja. Nilimuelewa kabisa, maana mwaka wangu wa kwanza kufuga nilikua na vifaranga 200 vya chotara nikafanya hivo hivo, chanjo nimeibeba kwenye mfuko wa koti kutoka mjini, maji ya bomba, vitamini ndani, na wiki ya saba kideri, ule ugonjwa wa kuku unaoitwa pia Newcastle, kikapita kikaondoka na zaidi ya nusu. Kile kifaranga cha jirani nitakirudia mwishoni maana kina somo lake.

Naandika kwa mtu anaefuga kuku 50 mpaka 500 huku kwetu Arusha au Moshi, anachanja mwenyewe, na kila akienda duka la dawa za mifugo anauziwa pakiti ya vitamini na kuambiwa itaongeza nguvu ya chanjo. Hiyo kauli ina ukweli ndani yake ila imekaa vibaya. Chanjo kazi yake ni kuuonyesha mwili wa kuku mdudu wa ugonjwa anafananaje, alafu mwili wenyewe ndio unatengeneza kingamwili, yaani askari wake wa kupambana na huyo mdudu, na kutengeneza huko kunahitaji protini, vitamini na madini ambayo yanatakiwa yawe yameshaingia mwilini kabla. Kuku mwenye upungufu wa vitamini A anatoa kingamwili chache akichanjwa, hilo limeshapimwa mara nyingi, na E ikipungua pia kinga inalegea. Ila kuku ambae tayari anapata ya kutosha, ukimjazia zaidi matokeo yanatofautiana, kuna majaribio yameona faida na mengine hayajaona kitu. Kwahiyo hela yako inafanya kazi zaidi pale unapoziba upungufu, na upungufu hauzibwi kwa maji ya njano ya vitamini ya siku moja.

Hatua ya 1: anzia kwenye gunia la chakula

Hapa ndio pana mambo, na ndipo watu wengi hatupaangalii.

Sisi huku tunachanganya chakula wenyewe na mahindi tunayotumia ni meupe. Mahindi ya njano yana ile rangi ambayo mwili wa kuku unaigeuza kuwa vitamini A, meupe karibu hayana kabisa. Sasa chukua mahindi meupe, pumba, mashudu ya alizeti, dagaa, chokaa na chumvi, hiyo hesabu yote vitamini A iko wapi? Haipo. Kuku wa kienyeji anaezunguka shambani anajitafutia kwenye majani, lakini kuku uliyemfungia bandani anakula kile ulichompa tu, na kama jua halimfikii hata D inakua shida, ndo unaona miguu laini na mayai ya ganda jembamba.

Kipimo cha chini kilichowekwa na wataalamu wa Marekani mwaka 1994, ambacho bado kinatumika kama msingi, ni kwamba kila kilo ya chakula cha kifaranga iwe na yuniti 1,500 za vitamini A, 200 za D3 na 10 za E. Hicho ni cha kumfanya asiumwe upungufu, viwanda vingi vya chakula vinaweka zaidi sana ya hapo kwasababu vitamini zinapotea kwa joto na kukaa stoo.

Suluhisho ni premiksi, yaani unga wa vitamini na madini wa kuchanganya kwenye chakula. Nyingi zinaingia gramu 250 kwenye kilo 100 za chakula, ila soma kibandiko cha hiyo uliyonunua. Kosa ninaloliona sana ni mtu anamwaga premiksi juu ya lundo anapiga koleo mara tatu anamaliza, matokeo yake kuku mmoja anapata donge na mwingine hapati. Chukua kwanza kilo mbili tatu za pumba, changanya na premiksi kwenye beseni kwa mkono mpaka rangi iwe moja, alafu hiyo ndio uimwage kwenye mzigo mzima ugeuze vizuri. Changanya chakula cha kuisha ndani ya mwezi, pakiti ya premiksi ukishaifungua ifunge tena kabisa na uiweke pasipo na joto, sio juu ya kabati la jikoni.

Majani yanasaidia sana na ni bei rahisi. Mchicha, sukuma wiki, majani ya viazi vitamu, mlonge uliokaushwa kivulini ukasagwa, vyote vina ile mali inayogeuka vitamini A. Wanaoenda soko la Kilombero au la Mbuyuni kuokota majani ya kabichi jioni, chukueni yale ya nje ya kijani, yale meupe ya ndani ni maji matupu, na muoshe sana maana kabichi inapigwa dawa mpaka wiki ya kuvunwa. Mi napendelea mchicha wa nyumbani ninaoujua.

Alafu vitu viwili vinavyokula kinga kimyakimya. Cha kwanza dagaa wa zamani wenye harufu kali ya mafuta yaliyoharibika, hayo mafuta yanaharibu vitamini E kwenye chakula chote, kwahiyo ukinunua dagaa wa kuku wanuse kwanza. Cha pili mahindi yenye ukungu. Watu wanasema haya yameharibika tuwape kuku, hapana jamani, ile sumukuvu inapiga ini na inashusha kinga, kuku anachanjwa vizuri na bado mwili haujibu. Mvua za Machi mpaka Mei huku kwetu mahindi yakiwekwa sakafuni bila chaga yanaota ukungu haraka sana, mengine ukungu hauonekani nje, pasua punje uangalie kiini.

Hatua ya 2: andika ratiba alafu rudi nyuma siku 14

Ratiba ninayofuata ni hii ambayo wafugaji wengi huku wanaitumia: siku ya 7 kideri, siku ya 14 gumboro (nitaieleza hapo chini), siku ya 21 kideri tena, siku ya 28 gumboro tena, ndui kati ya wiki ya 6 na ya 8, alafu kideri kila miezi mitatu. Chanjo ya mareksi, ugonjwa wa kupooza miguu na mabawa, inachomwa siku ya kwanza kule kwenye mashine ya kutotolesha, muulize anaekuuzia vifaranga kama wamechomwa.

Kwa vifaranga huna siku 14 za kurudi nyuma kabla ya chanjo ya kwanza, hapo kinachombeba ni kiini cha yai, yaani mama yake alikula nini. Ndio maana kama unatotolesha mwenyewe, mitetea yako ya mbegu lazima ile vizuri mwezi mzima kabla hujaanza kukusanya mayai. Kama unanunua, anza chakula cha stata, kile cha kuanzia vifaranga, chenye premiksi siku ile ile wanaingia bruda, yaani sehemu ya joto ya kuwalelea.

Kwa kuku wakubwa ndio hesabu inakaa vizuri. Mfano mtu wa Moshi anaelenga Desemba, wakati watu wanarudi nyumbani na kuku wanapanda bei na wanabebwa huku na kule, kutoka sokoni mpaka Kibosho, Uru, Marangu, hapo magonjwa nayo yanapanda gari. Kinga inachukua kama wiki mbili kukomaa baada ya chanjo. Kwahiyo unachanja katikati ya Novemba, na chakula unakirekebisha kuanzia mwisho wa Oktoba.

Niseme kidogo kuhusu gumboro maana watu wanairuka wanaona ni gharama. Juu kidogo ya tundu la kinyesi kuku ana kifuko kidogo, kwa kifaranga cha wiki nne kinafanana na punje ya harage la mviringo, ukimpasua aliekufa utakiona upande wa mgongoni. Mwaka 1956 Marekani ndo ilikuja kujulikana kwamba pale ndipo seli za kutengeneza kingamwili zinapokomaa. Kirusi cha gumboro kinashambulia hapo hapo, hasa kati ya wiki ya 3 na ya 6. Kifuko kikiharibika, chanjo zote zinazofuata zinakuta hakuna wa kuzipokea, hata umpe premiksi ya gunia zima. Kwahiyo ukiona kideri kinapita kwenye kuku waliochanjwa mara mbili, jiulize gumboro uliichanja?

Hatua ya 3: kununua vitamini dukani

Soma kibandiko kabla hujalipa. Pakiti nyingi zinazoitwa vitamini zina antibiotiki ndani, oksitetrasaiklini mara nyingi. Hiyo ni dawa, ina siku zake za kusubiri kabla ya kula mayai na nyama, na kumpa kuku mzima kila mwezi ni kuzoesha vimelea. Tena kama unachanja homa ya matumbo kwa chanjo hai, ile chanjo ni bakteria, antibiotiki inaiua yenyewe. Mwambie muuzaji wazi, naomba vitamini tupu isiyo na dawa.

Vitamini C kuku anajitengenezea mwenyewe mwilini. Nyongeza inamsaidia wakati wa joto kali au akisafirishwa, kwahiyo mtu wa Pasua au Majengo kwenye joto la Moshi mwezi wa pili ana sababu ya kuinunua, mtu wa Ngaramtoni kwenye baridi ya mwezi wa saba hela hiyo bora anunue mkaa wa bruda. Seleniamu usiongeze peke yake hata siku moja, ikizidi kidogo ni sumu, ile iliyopo kwenye premiksi inatosha. Na A nayo usifikiri ikizidi ni baraka, ikizidi sana inazuia D na E zisifanye kazi.

Hatua ya 4: siku tatu kabla ya chanjo

Hapa sasa ndio vitamini za maji zinaingia, kwa ajili ya kupunguza mshtuko tu. Wape siku tatu kwa kipimo cha kibandiko, asubuhi changanya mapya, ya jana mwaga, kwasababu zikishakaa kwenye maji na mwanga zinaharibika na ndoo inaanza utelezi. Jioni ya kuamkia chanjo toa vitamini, osha vinyweo kwa maji matupu na brashi, bila sabuni wala dawa ya kuulia vijidudu, uwape maji ya kawaida yasiyo na klorini. Kuku anaeumwa, anaekoroma au anaehara damu usimchanje, mtibu kwanza.

Hatua ya 5: siku yenyewe

Unapoenda kununua chanjo muombe muuzaji afungue friji uone, inatakiwa ikae kwenye nyuzi 2 mpaka 8. Nenda na chupa ya chai yenye barafu, chanjo iwe kwenye mfuko wa nailoni ndani yake, hata kama ni boda ya dakika kumi. Ile ya kideri aina ya I-2 inavumilia joto kuliko Lasota, ile chanjo nyingine ya kideri, na ndio inawafaa sana watu wa vijijini, ila haina maana uianike juani.

Kama ni ya maji, toa vinyweo saa 12 asubuhi wakae na kiu mpaka saa 2, baridi ya huku kuku hawapati kiu haraka. Maji ya bomba yana klorini na klorini inaua chanjo hai, kwahiyo tumia ya mvua au kisima, ukikosa weka ya bomba kwenye ndoo wazi tangu jana yake. Maji ya mfongo, yaani mfereji wa shambani, hayana klorini lakini yana tope na uchafu, acha. Kila lita moja weka kijiko kimoja cha chai cha maziwa ya unga yaliyotolewa mafuta, kama gramu 2 na nusu hivi, koroga usubiri nusu saa ndipo uweke chanjo. Maziwa yanalinda chanjo. HAKUNA KINGINE kinachoingia kwenye hiyo ndoo, sio vitamini, sio glukosi, sio antibiotiki.

Kiasi cha maji watu wanakosea sana. Hesabu rahisi ni kuku 1,000 lita moja kwa kila siku ya umri, yaani wakiwa na siku 14 ni lita 14, kwahiyo kuku 100 wa siku 14 ni lita 1 na nusu ukiweka na ya ziada kidogo. Yakiwa mengi yanabaki na chanjo inakufa, yakiwa machache wenye nguvu wanamaliza na wanyonge hawapati. Weka vinyweo vya kutosha ili zaidi ya nusu wanywe kwa wakati mmoja, na yaishe ndani ya masaa mawili.

Mimi kwa kuku chini ya 200 nilishaacha maji, nadondosha jichoni. Unamlaza kuku ubavu, chupa inasimama wima isiguse jicho, tone moja, alafu usimwachie, subiri afumbe na kufumbua mpaka uone tone limezama. Hapo ndipo una uhakika kila mmoja kapata. Tone ni moja kwa kifaranga na kwa jogoo, I-2 haina dozi ya mkubwa na mdogo.

Hatua ya 6: baada ya chanjo

Maji ya chanjo yakishaisha wape ya kawaida, na kesho yake rudisha vitamini siku mbili au tatu. Wanaweza kupiga chafya kidogo au kupoa siku moja mbili, ni kawaida. Usiwahamishe banda wala kuwakata midomo wiki hiyo. Chakula chenye premiksi kinaendelea, hicho hakina mwisho.

Hatua ya 7: hakikisha imeshika

Ndui ni rahisi kukagua, siku ya 7 mpaka 10 fungua bawa pale ulipochoma, utaona kipele kimevimba. Kagua kuku 20, kama wengi hawana kipele chanjo haikushika, rudia. Kideri hakina alama ya macho, ndio maana utaratibu wa siku ya chanjo usiuchezee.

Alafu kuna upungufu wa vitamini ambao unafanana na magonjwa, mtu anasema chanjo imefeli kumbe ni chakula. Macho kutoa maji na kuvimba na vidoti vyeupe ndani ya koo inaweza kuwa upungufu wa A, wengi wanaita mafua wanamwaga antibiotiki. Kifaranga kuchechemea vidole vimejikunja kwa ndani ni B2, watu wanasema mareksi. Kupepesuka na kuanguka kwa kifaranga anaekula mafuta yaliyoharibika ni E. Na shingo kuvutwa nyuma kuangalia juu inaweza kuwa B1, na inaweza kuwa kideri pia, hapo ndo pa kuwa makini, muite bwana mifugo, na wakifa kadhaa pale Arusha kuna maabara ya mifugo ya serikali wanaweza kupima mzoga.

Sasa kifaranga cha jirani. Tulienda bandani kwake tukakaa kama nusu saa tunaangalia. Wengine wote wanachakura, hakuna kinyesi cha kijani, hakuna anaekoroma, hakuna aliekufa, ni viwili tu vyenye shingo iliyovutwa nyuma. Nikamuuliza dawa gani nyingine unawapa, akatoa pakiti ya dawa ya kuhara damu, ile yenye amproliamu, alikua amewapa siku kumi mfululizo na kijiko anajaza kwa makadirio. Amproliamu inafanya kazi kwa kumnyima mdudu wa kuhara damu vitamini B1, ukizidisha unamnyima na kuku. Bwana mifugo alipofika alisema hivo hivo, akasimamisha dawa, akawapa B1, na kesho yake mchana kimoja kilikua kimesimama kinadonoa, cha pili ilichukua siku mbili. Ukiwa kwenye dozi ya amproliamu usiwape vitamini zenye B1 kwa wakati mmoja maana unaizuia dawa, maliza dozi kwa siku zilizoandikwa, kisha ndio uwape.

Ila ile chanjo yake aliyochanganya na vitamini hatuihesabu. Jumamosi saa 1 asubuhi tunarudia kideri kwa tone la jicho, vifaranga vyote 80, mi nashika yeye anadondosha, barafu ameshaigandisha kwenye friji ya dada yake.